Mchango ambao Paulo alihofia ungekataliwa

Karibu na mwaka 57 baada ya Kristo, Mtume Paulo alikuwa Korintho, akimwandikisha Tertio barua ndefu kwa Wakristo wa Roma, mji ambao alikuwa bado hajaufikia. Alipokaribia mwisho aliwaomba wamkumbuke katika sala kwa mambo mawili. La kwanza, aokolewe na watu wa Uyahudi waliokuwa wakimwinda. Hilo linaeleweka kwa urahisi. La pili ndilo linalonisimamisha kila ninapoifikia sura ile ya 15: aliomba kwamba fedha alizokuwa akizipeleka Yerusalemu zipokelewe vizuri na wale waliokusudiwa.

Waliokusudiwa walikuwa maskini. Paulo alikuwa amezunguka kwa miaka akiwachangishia katika Galatia, Asia, Makedonia na Akaya. Fedha zilikuwa zimepatikana, wasafiri wa kuzisindikiza walikuwa wamechaguliwa, na moyo wake ulikuwa unataka kwenda upande mwingine kabisa, magharibi, apitie Roma hadi Hispania. Akaahirisha Hispania, akaelekea mashariki na mzigo wa fedha, akiwa hana hakika kama wenye shida wangeukubali mkono wake. Sisi tumezoea kudhani kwamba kazi ngumu ni kumpata mtoaji, na kwamba mwenye njaa hana la kufanya ila kupokea na kushukuru. Paulo hakudhani hivyo, na naamini hofu yake inatufundisha mengi juu ya ukarimu wa Kikristo kuliko mahubiri mengi ya siku ya mavuno.

Yerusalemu ilikuwa na historia ya njaa. Luka anasimulia katika Matendo ya Mitume kwamba nabii Agabo alitabiri njaa kubwa, nayo ikatokea wakati wa Kaisari Klaudio. Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne hiyohiyo, anaieleza njaa iliyoipiga Uyahudi katika miaka ya 40, na anamtaja mama mmoja anayestahili kujulikana zaidi na wasomaji wetu: Malkia Helena wa Adiabene, ufalme uliokuwa kaskazini mwa Iraki ya leo. Helena alikuwa ameingia dini ya Kiyahudi. Alipoona watu wa Yerusalemu wanakufa kwa kukosa chakula, alituma watumishi wake Aleksandria wakanunue nafaka, na wengine Kipro wakalete tini zilizokaushwa, akawagawia wenye shida. Wakristo wa Antiokia nao walitoa, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake, wakawakabidhi Barnaba na Paulo, aliyekuwa bado akiitwa Sauli, wapeleke msaada huo. Kwa hiyo Paulo aliijua njia ya kupeleka msaada Yerusalemu miaka mingi kabla ya mchango ninaousimulia.

Kanisa la Yerusalemu lenyewe lilikuwa limejaribu kutunza watu wake. Waliokuwa na viwanja na nyumba waliuza. Barnaba, mzaliwa wa Kipro, aliuza shamba. Lakini hata pale ugawaji ulileta manung'uniko: wajane waliozungumza Kigiriki walikuwa wakirukwa katika mgao wa kila siku, huku wajane wenyeji wakipata. Suluhisho lililotolewa linasomwa kila mara na mara chache linaangaliwa vizuri. Walichaguliwa watu 7: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao, ambaye alikuwa mwongofu kutoka Antiokia. Yote ni majina ya Kigiriki. Yaani waliolalamika hawakuambiwa wavumilie, wala hawakuundiwa kamati ya watu wa upande uliokuwa ukilaumiwa. Mgao wote, wa wajane wao na wa wajane wengine, uliwekwa mikononi mwa watu wa upande ulioonewa. Sijui ni vyombo vingapi vya misaada leo, vya kanisa au vya serikali, vyenye ujasiri wa kufanya hivyo.

Baadaye Paulo na Barnaba walikutana na Yakobo, Petro na Yohana mjini Yerusalemu. Mgogoro uliokuwa mezani ulikuwa mkubwa: je, watu wa mataifa mengine wanaomwamini Kristo watahiriwe na kuishika torati? Waliafikiana kwamba Paulo aendelee na kazi yake kwa mataifa, wakapeana mkono. Wale watatu waliongeza ombi moja tu, kwamba maskini wasisahauliwe. Paulo anaandika kwa Wagalatia kwamba jambo hilo hasa ndilo alilokuwa na bidii ya kulifanya. Mchango mkubwa ulianzia hapo, katika mkutano ambao ungeweza kuligawa kanisa vipande viwili.

Maelekezo aliyowapa Wakorintho, katikati ya miaka ya 50, ni ya mtu anayejua maisha ya wenye kipato kidogo. Kila siku ya kwanza ya juma, kila mmoja aweke kando kwake kiasi fulani kulingana na alichojaliwa, ili michango isianze kutafutwa siku Paulo atakapofika. Kibarua wa wakati ule alilipwa dinari moja kwa siku, na katika makanisa yale walikuwamo watumwa, mafundi, na watu wa bandarini. Ukiwataka watu wa namna hiyo watoe kwa mkupuo watakupa aibu yao, kisha watakukimbia. Ukiwaambia waweke kidogo kila juma, watashangaa wenyewe mwisho wa mwaka. Mama yeyote aliyeko kwenye kikoba anaielewa hesabu hii bila kuelezwa.

Hata hivyo Korintho haukuwa mji wa mafukara. Julius Caesar alikuwa ameujenga upya mwaka 44 kabla ya Kristo kama koloni la Warumi, na ulikaa kwenye shingo nyembamba ya nchi kavu kati ya bahari mbili, ukiwa na bandari kila upande, Lekayo magharibi na Kenkrea mashariki. Biashara ilipita hapo. Kanisani alikuwamo mtu kama Erasto, aliyekuwa na dhamana ya fedha za mji. Wakorintho ndio waliotangulia kuahidi. Mwaka mzima ukapita, ahadi ikabaki ahadi.

Paulo alijikuta katika hali ambayo kila mwenyekiti wa harambee anaijua. Alikuwa amewasifu Wakorintho kwa watu wa Makedonia, akiwaambia kwamba Akaya iko tayari tangu mwaka jana. Watu wa Makedonia wakachangamka kwa kusikia hivyo, wakatoa. Sasa anakuja Korintho pamoja na baadhi ya hao Wamakedonia, na kapu ni tupu. Sura ya 8 na ya 9 za Waraka wa Pili kwa Wakorintho ziliandikwa katika mkwamo huo. Anambembeleza mtu asione haya huku akimkumbusha neno lake. Anamtuma Tito na ndugu wengine wawili watangulie wakakamilishe mambo, ili yeye atakapofika fedha zipatikane kama zawadi na zisionekane kama zimekamuliwa. Anasisitiza kwamba hataki mtu atoe kwa huzuni au kwa kulazimishwa. Nimesikia sura hizi zikisomwa ili kuwabana watu watoe zaidi, na kila mara nimehisi kwamba msomaji hakuona jinsi Paulo alivyojizuia kutoa amri, ilhali alikuwa na mamlaka ya kuitoa.

Watu wa Makedonia, yaani makanisa ya Filipi, Thesalonike na Beroya, walikuwa kinyume cha Korintho. Walikuwa wakiteswa, na umaskini wao Paulo anaueleza kwa maneno mazito. Inaonekana hakukusudia kuwadai kitu. Wao ndio waliomsihi wapewe nafasi ya kushiriki, wakaipokea kama fadhili waliyofanyiwa, na wakatoa kupita uwezo wao. Wahenga wetu walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na Wafilipi wangewaitikia.

Sasa linakuja jambo ambalo mimi naliona ndilo kiini. Katika sura hizo mbili zinazozungumzia fedha tangu mwanzo hadi mwisho, hakuna kiasi hata kimoja kinachotajwa. Hatuambiwi Thesalonike walitoa dinari ngapi au Filipi waliwapita kwa ngapi. Hakuna jina la mtoaji hata mmoja, si la tajiri wala la mjane. Lakini waliobeba fedha wanajulikana. Tito anatajwa kwa jina. Ndugu wawili waliofuatana naye wanaelezwa sifa zao, na mmoja wao tunaambiwa alichaguliwa na makanisa yenyewe, si na Paulo. Kisha Luka, anapoieleza safari ya kuelekea Yerusalemu, anaorodhesha msafara: Sopatro wa Beroya, Aristarko na Sekundo wa Thesalonike, Gayo wa Derbe, Timotheo, na Tikiko na Trofimo wa Asia. Karibu kila eneo lina watu wake, wenye macho ya kuona mzigo unavyosafiri na midomo ya kutoa taarifa watakaporudi.

Paulo anatoa sababu bila kuzungukazunguka: hataki mtu yeyote apate pa kumlaumu katika kushughulikia fedha nyingi kiasi hicho, na anataka mambo yawe safi mbele ya Bwana na mbele ya wanadamu pia. Hakusema kwamba yeye ni mtume na kwa hiyo aaminiwe. Alikuwa anawaandikia watu ambao baadhi yao walishaanza kunong'ona kwamba anawala kwa hila, na jibu lake lilikuwa kuweka mashahidi.

Hatari nazo zilikuwa za kweli. Fedha zilikuwa sarafu za metali, na dinari 1,000 tu zina uzito wa zaidi ya kilo 3. Kutoka Korintho hadi Yerusalemu ni karibu kilomita 1,300 angani, na msafara ulizunguka kupitia Makedonia baada ya kugundulika njama ya kumuua Paulo. Mtu huyu alikuwa amekwisha kuvunjikiwa na merikebu mara 3 na kukesha kilindini usiku na mchana. Alikuwa ameonja wanyang'anyi wa barabarani. Akakubali kusafiri na sanduku la sadaka za watu.

Ukiitazama hali yetu kutoka hapo, unaona tumegeuza mambo. Sisi waliotoa tunawajua, na waliobeba hatuwajui. Jina la mfadhili linasomwa kwa kipaza sauti, kiasi chake kinatangazwa, anapigiwa makofi, anapewa kiti cha mbele. Lakini uliza mwezi wa pili yake zile fedha za yatima zilipitia kwa nani, zilinunua nini, nani alihakiki, na utaona nyuso zikibadilika. Mweka hazina mwaminifu anaumia katika utaratibu huo, kwa sababu hana mashahidi wa kumtetea siku uvumi utakapoanza.

Si kwamba tumekosa mifano mizuri. Katika sharika nyingi za Kilutheri hapa Tanzania, kuanzia Kilimanjaro hadi Kagera, ibada ikiisha watu hubaki nje kwa mnada. Mkungu wa ndizi, mayai kwenye kikapu, jogoo, lita za maziwa, kabichi za bustanini: vyote vimeletwa na watu ambao Jumapili hiyo hawakuwa na noti ya kuweka kwenye kapu. Mwenye mshahara ananunua kwa bei ambayo sokoni ingekuwa kichekesho, na mara nyingi anakirudisha kinadiwe tena, au anamkabidhi bibi mmoja aliyesimama pembeni aende nacho nyumbani. Mnada una wepesi na vicheko, lakini ndani yake kuna haki kubwa. Aliyeleta mayai na aliyeyanunua wote wametoa, mbele ya macho ya wote, na karani anaandika papo hapo. Anayepokea mkungu ule anaweza kuwa ndiye aliyeleta maboga juma lililopita.

Na yako yanayotia uchungu. Ni kawaida sasa kuona picha za wazee na watoto wamepangwa mstari, kila mmoja na mfuko wa unga au mche wa sabuni mkononi, nyuma yao watoaji wakiwa na fulana zinazofanana. Picha inatumwa kwenye makundi ya simu kabla unga haujafika jikoni. Najua wanaofanya hivyo wengi wana nia njema, na wengine wanadaiwa ushahidi na waliowapa fedha. Lakini ushahidi unaweza kutolewa na mwakilishi wa jumuiya, kwa daftari na sahihi, kama Aristarko alivyoweza kuwaeleza watu wa Thesalonike. Hakuna haja ya uso wa mjane. Mtoto wake anasoma shule, na wenzake wana simu. Yesu alifundisha sadaka itolewe kwa siri hata mkono wa kushoto usijue, na sisi tumeualika ulimwengu mzima.

Hapo ndipo hofu ya Paulo inapoeleweka. Kwa nini maskini wa Yerusalemu wangekataa? Kwa sababu fedha zilitoka kwa watu wasiotahiriwa. Kuzipokea kulikuwa kukiri hadharani kwamba watu hao ni ndugu, na wako waliokuwa tayari kubaki na njaa kuliko kukiri hivyo. Pia kwa sababu mpokeaji huwa na heshima yake, na zawadi kutoka kwa mtu anayekudharau hukwama kooni. Paulo alilijua hilo, akaandaa jibu mapema. Aliwaambia Warumi kwamba mataifa ni wadeni: wamekula katika mambo ya rohoni ya Wayahudi, basi wana wajibu wa kuwahudumia kwa mambo ya mwilini. Kwa Wakorintho alizungumzia usawa: ziada yenu ya sasa inajaza upungufu wao, na siku nyingine ziada yao itajaza upungufu wenu. Kwa maelezo hayo maskini wa Yerusalemu wanakuwa watu waliotangulia kutoa, na wanaweza kunyoosha mkono bila kuinamisha kichwa.

Maskini kukataa si hadithi ya kale tu. Mwezi Novemba 2024, Rais William Ruto wa Kenya alisali katika Kanisa Katoliki la Soweto, mashariki mwa Nairobi, akatoa shilingi 600,000 kwa ajili ya kwaya na baraza la utoto mtakatifu la parokia, na milioni 2 za kujenga nyumba ya mapadri. Gavana Johnson Sakaja alitoa 200,000. Siku iliyofuata Askofu Mkuu Philip Anyolo alitangaza kwamba fedha zote zirudishwe, na ahadi ya milioni 3 nyingine pamoja na basi la parokia akaikataa. Maaskofu wa Kenya walikuwa wamekwisha kutoa tamko kali juu ya hali ya nchi, na kanisa halikutaka sauti hiyo inunuliwe. Wako waumini walioumia, kwa sababu nyumba ilihitajika na kwaya ilihitaji vyombo. Mimi naamini askofu alifanya sawa. Kanisa linaloweza kurudisha milioni 2 ndilo linaloweza kumwambia mwenye mamlaka juu ya mtoto aliyelala njaa, na huduma hiyo kwa maskini haina mbadala.

Paulo mwenyewe alikuwa na ukali huo. Alipokea msaada wa Wafilipi kwa ajili ya mahitaji yake binafsi, wa Wakorintho akaukataa, akaendelea kushona mahema.

Utaratibu aliouacha uliendelea kuzaa matunda baada yake. Yapata mwaka 155, Justino aliyekuwa akifundisha Roma anaeleza kwamba kila Jumapili wenye uwezo hutoa wanavyopenda, na fedha huwekwa kwa msimamizi wa ibada, ambaye huwatunza yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Mwishoni mwa karne hiyo Tertuliano, Mwafrika wa Karthago katika Tunisia ya leo, anasimulia juu ya sanduku linalotiwa fedha kila mwezi bila kumlazimisha mtu, zitumike kuwazika maskini, kuwalea yatima na kuwatunza wazee. Namsoma Tertuliano na kufikiria malalamiko yanayosikika mahali pengi hapa kwetu, ya familia kukataliwa ibada ya mazishi kwa sababu marehemu hakuwa amelipa michango yake. Kule Karthago, sanduku lilikuwepo ili asiyekuwa na kitu apate kuzikwa.

Kufikia mwaka 251, Askofu Kornelio wa Roma aliandika kwamba kanisa lake linawalisha wajane na wenye shida zaidi ya 1,500. Miaka michache baadaye watu wa Numidia walitekwa na wavamizi, na Sipriano, askofu wa Karthago, akawachangisha waumini wake sarafu za Kirumi 100,000 ziitwazo sestersi kwa ajili ya kuwakomboa. Aliambatanisha orodha ya majina ya waliotoa, kisha akaeleza sababu: ili ndugu wa Numidia wawakumbuke katika sala zao. Ndiyo orodha pekee ya wafadhili ninayoifahamu katika historia hiyo ya mwanzo ambayo haikutafuta makofi ya mtu.

Na huko Misri, karibu na mwaka 312, kijana mpagani aliyekamatwa kwa nguvu aingie jeshini alifungiwa na wenzake katika mji wa Thebe. Usiku wenyeji wakawaletea chakula. Akauliza hawa ni nani wanaotuhurumia ilhali hawatujui, akaambiwa ni Wakristo. Alipoachiliwa akabatizwa. Jina lake Pakomio, na baadaye ndiye aliyeanzisha maisha ya watawa wanaoishi pamoja kwa kanuni moja, mtindo ulioenea ulimwenguni kote. Hakuna aliyemhubiria usiku ule, wala aliyechukua jina lake ili aandikwe kwenye ripoti.

Kutoa kwa mgeni ndiko kulikomkera Kaisari Juliani, aliyetaka kuirudisha ibada ya miungu ya kale. Katika barua iliyohifadhiwa kwa jina lake, ya mwaka 362, anamlalamikia kuhani wake mkuu wa Galatia kwamba ni aibu Wagalilaya, yaani Wakristo, kuwalisha maskini wao na wa kwetu pia, na anaagiza nafaka na divai zitengwe kwa ajili ya wageni na ombaomba. Galatia hiyohiyo ndiko Paulo alikokuwa amepita akichangisha zaidi ya miaka 300 kabla.

Nchi yetu nayo inaijua kazi ya kumlisha asiye wako. Mwaka 1964, kwa makubaliano ya Shirikisho la Kilutheri Duniani, serikali na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ilianzishwa huduma ya Kikristo kwa wakimbizi inayojulikana kwa kifupi kama TCRS. Ilishiriki kuandaa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo kwa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, na katika kuwahudumia hakukuulizwa mtu dhehebu lake. Mwaka 1994, ndani ya saa 24 tu kati ya tarehe 28 na 29 Aprili, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara. Kabla magari ya misaada hayajapanga foleni, waliokuwapo ni wakulima wa Ngara, na migomba yao.

Turudi kwenye msafara wa Paulo. Walifika Yerusalemu, na Luka anasema ndugu waliwapokea kwa furaha. Siku ya pili walikutana na Yakobo na wazee wote. Paulo alishauriwa awalipie watu 4 gharama za kumaliza nadhiri yao hekaluni, ili Wayahudi wenye wasiwasi waone kwamba haidharau torati. Alikubali. Akiwa hekaluni, Wayahudi waliotoka Asia walimtambua, wakapiga kelele kwamba ameingiza Myunani mahali patakatifu. Walikuwa wamemwona mjini akitembea na Trofimo wa Efeso. Trofimo alikuwa mmoja wa wale wasindikizaji wa fedha. Paulo alikamatwa kwa sababu ya kuonekana na mtu aliyeletwa kuhakikisha kwamba sadaka za maskini zinafika salama.

Alipelekwa Kaisaria mbele ya liwali Feliki. Katika kujitetea alisema kwamba baada ya miaka mingi alikuwa amekuja kuleta sadaka kwa watu wa taifa lake. Feliki aliposikia habari za fedha, akili yake ilienda ilikozoea: alimwita Paulo mara kwa mara kuzungumza naye, akitumaini kupewa rushwa. Hakupewa. Fedha zile zilikuwa na wenyewe. Paulo akakaa kifungoni miaka 2, mpaka Feliki akaondolewa na Festo akashika nafasi yake.

Hatimaye alipandishwa merikebu kupelekwa Roma, akiwa mfungwa aliyekata rufani kwa Kaisari. Luka, anapowataja waliosafiri pamoja naye, anataja jina moja kutoka katika orodha ya zamani: Aristarko wa Thesalonike. Kazi aliyotumwa na kanisa lake ilikuwa imekwisha miaka miwili kabla. Katika Waraka kwa Wakolosai anatajwa tena, safari hii kama mfungwa mwenzake Paulo.